Kuandaa moyo na akili kabla ya ibada: anza Jumamosi jioni, sio getini mwa kanisa

Mbukwenyi wapendwa. Leo naandika kuhusu jambo ambalo wengi tunalilalamikia chini chini ila hatulifanyii kazi, yaani unaenda ibadani, unaimba, unakaa, unasimama, unatoa sadaka, unatoka, na ukifika nyumbani mtu akikuuliza somo lilikuwa lipi unaanza kukohoa. Wengi wakiona hivyo wanalaumu kanisa, mchungaji hana upako, kwaya imepoa, spika mbovu, afu wanahama, na kule walikohamia baada ya miezi michache inakuwa yaleyale. Sawa, kuna siku mahubiri yanakuwa hayana kitu kweli, siyatetei. Lakini mi naona mara nyingi shida imeanza kabla hatujavaa hata viatu. Tunafika na moyo wa baridi tunasubiri timu ya sifa ituwashie. Moyo uko kama jiko la mkaa jamani, ukitaka liwe na moto saa moja asubuhi huwezi kulikoka saa moja hiyohiyo.

Na niseme mapema, kuandaa moyo sio kujikamua mpaka upate hisia fulani. Hisia zinakuja zikitaka, na zisipokuja ibada ni ibada. Kuandaa moyo ni kazi za kawaida kabisa, za mikono na za mdomo, kuondoa yale yanayokuziba masikio ili ukiwa pale kanisani uwe upo. Ndo maana humu nitaongea sana habari za pasi na chenji na meseji, usishangae.

Jumamosi ndo siku yenyewe

Hapa Wasabato wametuzidi na tukubali tu. Kwao sabato inaanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo Ijumaa ndo siku ya maandalio, chakula kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, nyumba inafagiliwa, jua likigusa kilima kazi zimeisha wamekaa wanaimba. Hilo jina la Maandalio limo kwenye Luka 23:54, siku Bwana Yesu anazikwa. Wakatoliki nao wana misa ya Jumamosi jioni inayohesabika kuwa ya Jumapili, mzizi ni uleule wa siku takatifu kuanza jioni. Sisi wengine Jumamosi jioni ndo kwanza tunatafuta viatu vya harusi.

Na tuseme ukweli, hapa Dodoma Jumamosi imekuwa ngumu. Tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa, kumbi zimeongezeka, kila wiki una kadi, kama sio harusi ni sendoff, kama sio sendoff ni kitchen party ya binti wa jirani na umechangia huwezi kukosa. Kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia saa nne usiku, chakula saa sita, unafika nyumbani Nkuhungu huko saa nane na masikio yanapiga kelele. Sasa mtu huyo saa moja asubuhi umwambie ainue moyo, atainua na nini? Ushauri wangu, kama hauko kwenye kamati nenda, pongeza, toa zawadi yako, cheza kidogo, saa nne aga kwa heshima, hakuna atakayekununia. Kama uko kwenye kamati basi ujue tangu mapema kwamba Jumapili hiyo wewe ni wa ibada ya pili na ulale. Usingizi ni sehemu ya maandalizi. Kuna watu wanakesha kuomba afu wanasinzia kwenye mahubiri, mi huwa nawaza bora wangelala.

Mpira vilevile. Angalia mechi yako, Simba au Yanga, sikatazi, ila yale mabishano ya kwenye magrupu baada ya mechi mpaka usiku wa manane ndo yanaharibu, maana unalala na hasira za refa na unaamka nazo.

Wale ambao familia ziko Dar na kazi iko Mtumba, kule mji wa serikali, nina neno nao pia. Tangu treni ya mwendokasi ianze kufika huku 2024 mambo yamekuwa mepesi, mtu anashuka Ijumaa jioni anarudi Jumapili. Shida ni kwamba Jumapili nzima roho iko stesheni. Uko kanisani na mkeo na watoto ila unaangalia saa, unawaza begi, unawaza foleni ya kufika stesheni. Panga begi Jumamosi mchana, kata tiketi mapema, chukua treni ya jioni kabisa ikiwezekana, na uende ibada ya kwanza. Ukishajua begi liko mlangoni limefungwa, akili inakaa.

Mengine ya Jumamosi ni ya haraka. Teka maji ujaze ndoo na madumu maana wengi wetu bomba lina ratiba yake na ratiba yenyewe haina adabu. Nguo zifuliwe mapema zikauke kabla upepo wa jioni haujaleta vumbi, hasa Julai na Agosti, kitambaa cheupe kikilala nje hapa Dodoma asubuhi unakikuta cha kahawia. Piga pasi usiku huohuo, usiamini umeme wa Jumapili, na uangalie luku imebaki uniti ngapi. Chemsha maharage, osha mboga. Viatu vya watoto viwekwe viwili viwili mlangoni, nasema viwili viwili kwa sababu nusu ya ugomvi wa Jumapili asubuhi kwenye nyumba nyingi za Kikristo ni kiatu kimoja kimepotea.

Sadaka nayo iamuliwe Jumamosi. Hili watu wanalidharau sana. Jumapili asubuhi unakimbilia kwa wakala kutoa hela, wakala hajafungua, unaingia na noti ya elfu kumi na huna chenji, kapu likifika unaanza hesabu, nikitoa hii nauli ya kesho iko wapi, mwishowe unatupa kasarafu ulikokaokota chini ya pochi na moyo unakusuta mpaka ibada inaisha. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma (1 Wakorintho 16:2), na kwenye barua ya pili sura ya 9 mstari wa 7 akasema mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Huwezi kukusudia ndani ya dakika mbili kapu linakuja. Kaa Jumamosi, amua, hata kama ni mia tano, weka kwenye bahasha, ingiza ndani ya Biblia, yameisha. Na kama huna, huna. Pita na mikono mitupu kichwa juu.

Soma masomo kabla

Kama kanisa lako linafuata kalenda, na hapa mjini ni mengi, Anglikana, KKKT yaani Walutheri, Katoliki, basi masomo ya Jumapili yanajulikana kabla. Wakatoliki masomo yao ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, mwaka A, B na C. KKKT kila Jumapili ina wazo lake na masomo yake kwenye kalenda. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusikia somo kwa mara ya kwanza likisomwa na mtu anayeharakisha na maiki inakatakata. Makanisa yasiyo na kalenda unaweza kumuuliza mchungaji tu, au mwinjilisti, Jumapili tunasoma wapi baba, atafurahi mpaka ashangae.

Jinsi ya kusoma: mara moja kimya, mara moja kwa sauti. Kwa sauti ni muhimu, na kama una bibi nyumbani ambaye Kigogo ndo lugha ya moyo wake na Biblia ya Cigogo ipo hapo ndani, mwombe akusomee yeye, utasikia vitu ambavyo kwenye Kiswahili vilikuwa vinakupita kila siku. Afu tafuta kitu kimoja tu ambacho hujakielewa au kimekuudhi. Ndiyo, kimekuudhi. Mfano ile habari ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu kwenye Mathayo 20, aliyeingia kazini saa kumi na moja jioni analipwa sawa na aliyechomwa na jua kutwa nzima, mtu aliyewahi kulima zabibu Hombolo au Mpunguzi atakwambia hiyo haikubaliki hata kidogo. Basi nenda na hilo udhi lako kanisani. Mtu mwenye swali anasikiliza mahubiri tofauti kabisa na mtu aliyekuja kukaa.

Na kitu kingine cha akili, kabla hujalala chukua karatasi andika yote yanayokuzunguka kichwani. Ada ya mtoto, kodi ya nyumba, bosi, lile deni, mahindi yaliyoanza kunyauka maana mvua imekata tangu wiki ya pili ya Januari. Sisi huku mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, ikikata katikati kila mtu kanisani anawaza shamba, hata anayeimba kwa nguvu. Andika, kunja, tia ndani ya Biblia. Kazi ya karatasi ni mbili, kwanza akili haina haja tena ya kukukumbusha kila dakika, pili muda wa maombi ukifika unajua unaomba nini badala ya kurudia yale maneno ya Bwana tunakushukuru kwa siku ya leo ambayo sio vibaya ila yanazoeleka.

Ugomvi uishe kabla

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penyewe.

Mathayo 5:23-24 wote tunaijua, ukileta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane kwanza. Watu wanaisoma kana kwamba imesema kama wewe una neno juu ya ndugu yako. Haikusema hivyo. Imesema yeye ana neno juu yako, yaani wewe ndo unadaiwa. Wewe ndo umechukua mkopo wa kikoba dada wa watu akakudhamini na sasa wanamsumbua yeye. Wewe ndo ulimjibu mama mkwe vibaya kwenye simu. Wewe ndo ulisema maneno kwenye kikao cha kwaya na yamemfikia mwenyewe. Ndo maana ukiulizwa unasema mi sina shida na mtu, ni kweli huna, wao ndo wana shida na wewe.

Sasa usisubiri Jumapili saa mbili na nusu umvute mtu pembeni getini eti tupatane haraka ibada inaanza. Huko ni kumtumia mtu ili wewe usikie raha. Fanya Jumamosi, au tangu Alhamisi. Kama mnakaa karibu nenda kwa miguu, mkae, mnywe chai, useme. Kama ni mbali piga simu. Meseji iwe ya mwisho, na kama ni meseji iandike vizuri, mfano hivi: "Shikamoo dada. Yale niliyosema kwenye kikao Jumanne nilikosea, na nilisema mbele za watu. Nisamehe. Jumanne ijayo nitasema hivyo hivyo mbele ya walewale." Angalia, hakuna "kama nilikukosea", hakuna "ila na wewe". Ukiweka "ila na wewe" futa uanze upya. Na kama ni deni basi taja hela, nitakupa elfu ishirini tarehe fulani, deni haliponi kwa kuomba msamaha bila hela.

Akikataa kukusamehe? Umefanya lako, nenda ibadani, usimsemee kwa watu. Na kama aliyekuumiza ni mtu wa kupiga au wa kutisha, mstari huu haukutumi urudi nyumbani kwake, wewe sio mdaiwa hapo, ongea na mchungaji au mama mchungaji au mtu unayemwamini na ukae salama. Nimeona akina mama wanasukumwa na huu mstari warudi penye kipigo na inanikera sana.

Kujihoji, hasa Jumapili ya Meza

Kwenye makanisa ambayo Chakula cha Bwana hakiwi kila wiki, wiki ile kikitangazwa watu wanaogopa, wengine hawaji kabisa kwa sababu ya 1 Wakorintho 11:28, mtu ajihoji mwenyewe. Naomba usome kuanzia mstari wa 17. Utaona kosa la Wakorintho lilikuwa nini, walikuwa wanakusanyika, wenye navyo wanakula chakula chao mapema, maskini wakifika hakuna kitu, Paulo anasema mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Na dawa anayotoa kule mwisho, mstari wa 33, ni mngojane. Kwa hiyo ukijihoji usiishie kwenye dhambi za sirini peke yake, jihoji pia ni nani kwenye usharika wenu hana kitu na wewe umemruka.

Kama hujui uanzie wapi, Wakatoliki kwenye ungamo lao la mwanzo wa misa wana mpangilio mzuri ambao mtu yeyote anaweza kuutumia Jumamosi usiku kitandani, nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa kutotimiza wajibu. Minne. Pita kila kimoja utafute kitu kimoja chenye jina. Sio "nimekuwa na kiburi", bali "Jumatano nilimfokea kijana wa bodaboda kwa sababu ya mia tano". La nne ndo gumu, yale ambayo hukufanya, mgonjwa ambaye hukwenda kumwona pale hospitali ya mkoa na kila siku daladala inakupitisha getini. Ukishakipata kikabidhi na ulale, Mungu hahitaji uchapwe viboko usiku kucha. Yule mtoza ushuru wa Luka 18 alisema sentensi moja tu akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Kuhusu kufunga, kila kanisa lina utaratibu wake, fuata wako. Katoliki kanuni ni saa moja kabla ya kupokea Komunyo, maji na dawa ruksa. Bibi zetu walifunga tangu usiku wa manane, saa moja hii iliwekwa na Papa Paulo VI mwaka 1964. Sisi wengine hatuna sheria, ila nashauri chai nyepesi. Kiporo kizito cha ugali kabla ya ibada kinakupeleka usingizini ukiwa unatamka amina.

Asubuhi na njiani

Simu usiishike kwanza. Ukifungua status za watu saa kumi na mbili asubuhi umekwisha, unaona harusi ya jana, nani kavaa nini, nani kafiwa, nani kanunua gari, mpaka unafika kanisani umeshahusudu mara nne. Alamu ikilia izime uiache mezani. Amka mapema kuliko watoto, hata kidogo tu, keti, sema Zaburi ya 103, Ee nafsi yangu umhimidi Bwana. Angalia mwimbaji anaongea na nani pale, anaongea na nafsi yake, anaiamuru. Kwa hiyo ukiamka huna hamu ya kanisa wewe sio wa kwanza, iambie nafsi yako kwa mdomo, inasikia.

Njiani kuna hazina ambayo tumeisahau. Zaburi 120 mpaka 134, ziko 15, kila moja imeandikwa juu wimbo wa kupanda mlima, na wengi wanaona ndizo mahujaji walikuwa wakiimba wakipanda kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu. Yaani ni nyimbo za njiani kabisa, na nyingi ni fupi, ile ya 131 ina mistari mitatu tu. Chagua moja kila Jumapili, ukitoka Miyuji au Chang'ombe kwa miguu unaimaliza kabla hujafika lami. Ya 121 inatuhusu sana sisi tunaoishi katikati ya vilima vya mawe, nitayainua macho yangu niitazame milima, afu anauliza msaada wangu utatoka wapi, na jibu sio kwenye milima, ni kwa Bwana aliyeifanya. Ya 122 ni ya wale wenye watoto, nalifurahi waliponiambia na twende nyumbani kwa Bwana, waimbishe kwenye bajaji, dereva atavumilia. Mwombe tu apunguze redio.

Kwenye gari la familia kuna kanuni moja, mambo ya hela na mambo ya ndugu hayazungumzwi kwenda kanisani. Yatazungumzwa kurudi, na mara nyingi kurudi yanakuwa yamepungua.

Ukishaingia ndani

Fika kabla ya kengele ya mwisho. Kaa. Usianze kusalimia bench zima, salamu zina muda wake. Inama, sema unachobeba, sio maneno ya kupamba. Hana kule Shilo aliomba mpaka kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1), na Mungu alimsikia yeye. Mi binafsi sipendi kinanda kupigwa kwa nguvu wakati watu wanaingia, najua wanamuziki watanishukia, na sisi watu wa huku na muheme wetu, ile ngoma ya akina mama wa Kigogo, sio watu wa kunyamaza, ngoma ni ibada kabisa na akina mama wakiikamata hakuna anayebaki amekaa. Ila ngoma inanoga ikianza baada ya kimya.

Wakati wa ibada akili itatoroka, hilo lipo kwa kila mtu. Usiitukane, irudishe tu. Liturujia zetu zenyewe zimewekwa kwa ajili hiyo. Chukua yale maneno kabla ya Ekaristi, Inueni mioyo, na watu wanajibu tumeiinua kwa Bwana. Sipriani askofu wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini huko Tunisia ya leo, aliyeuawa kwa imani yake mwaka 258, aliandika kwamba kuhani anasema maneno hayo kuandaa mioyo ya ndugu, ili wakijibu wakumbuke kwamba hawapaswi kuwaza kitu kingine ila Bwana. Kwa hiyo tangu karne ya 3 watu walikuwa wanawaza mambo yao katikati ya sala na kanisa liliwajua. Pale padre au mchungaji anaposema, fanya kweli, kama ulikuwa umefika sokoni Majengo rudi.

Biblia ya kwenye simu sio dhambi ila zima data kabla hujakaa. Ukisema utaangalia mstari tu, meseji inaingia, unajibu "niko kanisani", na hapo hauko.

Jambo lingine la hapa kwetu. Aprili mpaka Juni bunge la bajeti likiwa linaendelea, makanisa ya mjini yanapata wageni wakubwa, magari yanapangwa nje, na shingo zinapinda. Soma Yakobo 2 mistari ya mwanzo, yule mwenye pete ya dhahabu anakalishwa pazuri na maskini anaambiwa asimame kule. Mheshimiwa naye amekuja kuabudu, mwache aabudu. Ukijikuta unamwangalia yeye kuliko unavyofuata somo, hama bench.

Wenye watoto wadogo, sikilizeni, msijihukumu. Mama ambaye ibada nzima yuko barazani na mtoto anayelia hajaikosa ibada. Jiandae na mstari mmoja tu, uliousoma Jumamosi, uutafune huko nje. Mtoto apelekwe chooni kabla, apewe kitu asichopiga nacho kelele, na mkae mbele badala ya nyuma, najua inaonekana kinyume ila mtoto akiona kwaya na madhabahu anatulia kuliko akiona migongo ya watu. Na wababa, hicho kitoto ni chako pia, zamu kwa zamu.

Wiki ambayo moyo umekauka

Kuna wiki umefiwa. Au umefukuzwa kazi, au ndoa imeyumba, au hakuna kilichotokea ila ndani ni pakavu kama Bahi mwezi wa kumi. Watu wanakwambia sifu tu shangwe itakuja. Inaweza kuja, inaweza isije. Maandalizi ya wiki hiyo ni mafupi, chukua Zaburi ya 13, inaanza Ee Bwana hata lini utanisahau, soma Jumamosi, soma tena asubuhi, afu nenda nayo hivyohivyo. Huna haja ya kuvaa uso wa furaha. Mhubiri akisema mgeukie jirani umwambie jirani una sura nzuri, sema kama unaweza, kama huwezi mshike tu mkono. Waache wenzako waimbe, wewe simama katikati yao, wiki nyingine utawaimbia wao. Na ukimaliza usikimbie, tafuta mzee wa kanisa mmoja au mama mmoja umwambie wazi hali yako, kuliko kurudi kujifungia.

Ukichelewa

Itatokea, bajaji itapata pancha, mtoto atatapika kwenye shati. Usitukane mtu njiani na usirudi nyumbani eti aibu. Omba pale pale kwenye bajaji, sentensi moja inatosha. Ukifika subiri mlangoni kama kuna sala au somo linasomwa, ingia wimbo ukianza, chukua kiti cha nyuma, usipite mbele kutafuta kiti chako cha kila siku. Usiulize jirani wamefika wapi, sikiliza utajua. Kama toba imeshapita ifanye kimya wewe mwenyewe hapo ulipo, kama mahubiri yanaendelea fungua somo wanalosoma, na bahasha yako ya sadaka mpe mzee wa kanisa baada ya ibada.